Mnyororo wa Tani Kumi na Mbili

...na si kwamba anaogopa, asije mtu akasema kesho kuwa Nsofwa Kabaso aliogopa, ni kwamba hiki kidude walichomsukumia mezani kina mwanga mkali na macho yake ya miaka hamsini na mmoja yanataka muda, muda kidogo tu, halafu ataweka kidole pale wanapotaka, kwenye kile kisanduku cha kijani kilichoandikwa Thibitisha, kikao kitaisha, watu watakunywa chai na vile vitumbua vilivyokwisha kupoa, na mkurugenzi mpya, Bwana Sichone, atapiga picha yake ya kupeleka makao makuu Johannesburg, mnunuzi mkuu wa kiwanda akithibitisha oda ya kwanza ya mfumo mpya, oda ya kihistoria, ndivyo alivyoiita, amesimama pale mbele ya ukuta unaowaka picha, mikono ya shati ameikunja mara mbili tu, sawasawa, kama aliyepima kwa rula, "Mnunuzi wa leo," anasema, "si yule karani wa kujaza fomu, jamani, mnunuzi wa leo ni mtu wa mkakati, anakaa meza moja na wakubwa," na Nsofwa anaitazama hiyo meza, anajiona kweli amekaa, kiti cha ngozi, chupa ya maji yenye jina lake, na mbele ya mtu huyo wa mkakati wamemwekea visanduku viwili, Thibitisha na Rudi Nyuma, hakuna cha tatu, amekitafuta tangu alipokabidhiwa, ameupandisha ukurasa na kuushusha, hakuna Nakataa, hakuna hata nafasi ya kuandika neno, waliotengeneza kitu hiki hawakufikiri kwamba mnunuzi anaweza kusema hapana, au walifikiri sana, ndiyo maana...

"Mama Nsofwa, kuna shida ya mtandao?" hapana bosi, nasoma tu, "Soma mama, soma, hatuna haraka," na wote wanacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye haraka, na yeye anasoma tena alichokwisha kukijua kwa moyo, mnyororo wa kuinulia, mita kumi na nane, uwezo tani kumi na mbili, muuzaji nambari nne, alama tisini na nne kwa mia, siku tisa kufika Kitwe, nusu ya bei ya yule wa zamani, mfumo umemchagua wenyewe, umetafuta dunia nzima wakati Nsofwa amelala, Sichone anapenda kusema hivyo, ukiwa umelala mfumo haulali, na ni kweli haulali, lakini mfumo haukupanda gari bovu la Ba Kaunga Jumatano iliyopita, na pingili tatu za ule mnyororo wa sampuli zimefungwa kwenye gazeti mapajani, Nsofwa na mzee huyo wakaenda chuo cha ufundi kule ng'ambo ya reli, mwalimu wa maabara akazibana kwenye mashine ya kuvuta, akawaambia simameni nyuma ya kile kioo, na Nsofwa akasimama akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kupokea mtoto, mshale ukapanda, tani mbili, tatu, nne, ukapita tano kidogo tu, halafu pa! kipande cha pingili kikagonga kioo, mwalimu akaangalia mshale, akaangalia karatasi, akauliza, "Huu mnaotaka kuinulia nini?" na Ba Kaunga, msimamizi wa ukumbi wa kuyeyushia, mtu wa maneno machache, akajibu, "Ndoo ya uji wa chuma," "Ya uzito gani, mzee?" "Ikijaa, tani nane," na mwalimu akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu. Tani nane za uji wa chuma mwekundu zikipita juu ya vichwa vya watu, mara kumi na moja kwa siku, zikienda kumiminwa kwenye kalibu za vipuri vya migodini, na chini yake wanaume thelathini na mmoja, anawajua karibu wote, anajua nani mkewe anauza dagaa wa kapenta pale soko la Chisokone na nani anaimba besi kanisani, mfumo unajua nini... na Ba Kaunga huyo hapo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, Nsofwa mwenyewe ndiye aliyemleta kikaoni ili awe shahidi, na tangu saa nne hajainua uso, anazitazama kucha zake, amebakiza miezi saba kustaafu, amenunua tayari mabati ya nyumba ya Luanshya, na nani amlaumu, si Nsofwa, Nsofwa ana binti mwaka wa pili chuo cha uuguzi na mwenyewe alikuwa na mpango wake mzuri leo asubuhi akipiga pasi, mpango wa mtu mzima mwenye busara, nitathibitisha, halafu nitaandika barua, nitaeleza kwamba nimefanya hivyo kwa maagizo na mimi sikubaliani, nitabaki na nakala, mikono yangu itakuwa safi, na alipolifikiri lile neno, safi, pasi ilisimama juu ya kola hadi ikatoa moshi, hakujua kwa nini, au alijua...

"...kwa sababu kule tunakotoka," anasema Sichone, na sasa ukutani ni picha ya rundo la mafaili, wanacheka tena, "kule kwenye karatasi za rangi tatu, mnakumbuka?" nani akumbuke kama si yeye, nyeupe ya muuzaji, ya njano ya hesabu, ya waridi ya stoo, yeye ndiye aliyekuwa akizichapa, mwaka tisini na tisa, binti wa miaka ishirini na minne mwenye viatu vya kuazima, chumba cha manunuzi kilikuwa nyuma ya stoo, dirisha la nyavu za waya kama la kuuzia tiketi, mainjinia walikuwa hawaingii hata ndani, wanapitisha karatasi kwenye tundu, "Nunua hii," na wanaondoka wakipiga mluzi, hakuna aliyekuuliza una maoni gani, mnunuzi alikuwa mkono tu wa kuandika, mkono wa kupokea kalenda za wauzaji mwezi wa kumi na mbili, na mkono huo ulikuwa wa Ba Simfukwe, hata leo hawezi kulitaja jina la mzee yule kichwani bila ile Ba ya heshima, Ba Simfukwe mwenye suti moja ya kijivu na tabia ya kunusa kila kitu kinachoingia, beringi ananusa, mkanda wa mashine ananusa, "Mwanangu, cha bandia kina harufu ya rangi mpya," alimfundisha kutazama nati kwa kucha, kumpigia muuzaji simu mapema asubuhi kabla hajapanga uongo wake, na ule mwaka elfu mbili na nne waliposhushiwa karatasi kutoka juu, nunua boliti hizi kwa huyu, za feni kubwa ya tanuri, mzee alizinusa zile za mfano, akapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule, akashuka, hakusema waliongea nini, akasaini, na chini ya sahihi, kwa penseli, kwa maandishi madogo, akaandika, kwa amri ya mkurugenzi, mimi sikuafiki, na Nsofwa aliyaona, alikuwa amesimama hapo hapo na muhuri mkononi, aliyaona maneno yote sita, ayakumbuke au asiyakumbuke, anaweza kuyachora...

hapana, si sasa, sasa soma mama, masharti ya kurudisha mali, soma... lakini feni ile haikungoja, ilikaa miezi minne, boliti zikakatika, ubawa ukaruka, ukamuua fundi Mwelwa akila ubuyu wake wa mapumziko upande wa pili wa ukumbi, kijana wa mtaa wa Wusakile, aliyekuwa akiwaita wanawake wote shemeji, na uchunguzi ukafanyika kwenye chumba hiki hiki, meza nyingine lakini chumba hiki, injinia mkuu akasema mimi siyo mnunuzi, wa fedha akasema mimi nalipa kilichosainiwa, mkurugenzi alikuwa amekwisha kuhamishwa, na faili likaletwa, Nsofwa ndiye aliyelibeba, karani wa kuchapa, ana mimba ya miezi sita, akalifungua ukurasa wa boliti, na sahihi ya Ba Simfukwe ilikuwepo, nzuri, ya wino, na chini yake palikuwa peupe. Peupe kwa namna ambayo karatasi ya zamani haiwi, pamechubuka kidogo, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mifereji ya penseli iliyofutwa kwa mpira, mtu alifuta, mtu alikaa na mpira wake akafuta na kupuliza vumbi, na mwenyekiti akauliza, "Mzee Simfukwe anadai kulikuwa na maandishi hapa, wewe binti ndiye mtunza faili, uliyaona?" na yeye alimtazama mzee, mzee hakumtazama, alitazama tumbo lake, ndiyo, alilitazama lile tumbo, kwa huruma, akageuza uso dirishani kana kwamba anamruhusu, na Nsofwa akasema, "Sikuona, mkuu." Sikuona. Neno moja, miaka ishirini na zaidi, na binti aliyekuwa tumboni sasa anajifunza kuchoma sindano, na mzee akamalizia maisha yake Chisokone akiuza salaula, makoti ya mitumba, siku moja alimuuzia Nsofwa koti la bluu, akalinusa kwanza, "Hili ni sufu kweli, mama, chukua," akalikunja vizuri, hakumuuliza, alikufa miaka mitatu baadaye hajamuuliza, na kama angemuuliza...

kwa hiyo ndiyo hii barua yako, mama mwenye busara, hii ndiyo mikono safi, utaandika kwa amri mimi sikuafiki, na leo hata mpira hauhitajiki, barua pepe inafutwa na mtu aliye Johannesburg huku anakula sandwichi, na hapa kwenye kioo kitabaki kile kidole chako, Thibitisha, saa tano na dakika kumi, N. Kabaso, hicho hakitafutika milele, hicho watakitunza vizuri sana, siku itakayohitajika watakipata kwa kubofya mara mbili, watasema mfumo ulipendekeza tu, mkurugenzi alishauri tu, nani alithibitisha? ah, huyu mama, pole, pole yake... na ghafla anaona, kama mtu aliyewashiwa taa, kwa nini visanduku ni viwili, kwa nini wamemletea kiti cha ngozi, mfumo unaweza kuchagua muuzaji, kulinganisha bei, kuandika oda, kufuatilia lori hadi mpakani Nakonde, kitu kimoja tu hauwezi, hauwezi kushtakiwa, hauwezi kwenda kusimama mbele ya mjane, hicho tu ndicho walichombakizia, wamemtoa kwenye dirisha la nyavu, wamempandisha ngazi hadi mezani, wamemwita mtu wa mkakati, ili wapate shingo. Hasira inampanda taratibu, nzuri, ya moto, hajaisikia siku nyingi, na si hasira ya kukataa kompyuta, wasimfanye mshamba, ni nani aliyeomba kompyuta ya kwanza ya idara ile, mwaka elfu mbili na tisa, akafundishwa na watoto wa mgahawa wa intaneti kwa kuwanunulia kinywaji cha munkoyo, ni nani aliyesema manunuzi yakae na mainjinia tangu wanapochora, si baada ya kuchora, akaitwa mchonganishi, halafu ikaonekana bushi za shaba za mashine walizokuwa wakiziagiza ng'ambo kwa miezi mitatu zinaweza kuchongwa hapa hapa Kitwe na fundi mwenye karakana ya ukubwa wa choo, wakampigia makofi, si yeye, ni nani aliyekaa Nakonde siku nne juu ya kreti la beringi akila nshima na maharage ya wapishi wa malori, akimwambia kila ofisa aliyepita, mali hii haiondoki bila mimi na mimi siondoki bila mali hii, hiyo ndiyo kazi, hakuna aliyempa, aliipanua yeye kwa viwiko, sentimita kwa sentimita, na leo aje mtu wa mikono iliyokunjwa kwa rula amrudishie ukubwa wa kidole kimoja...

"Mama, kama ni ile ripoti ya chuo," Sichone ameacha ukuta, amekuja, ameegemea meza, ananong'ona lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "tuliongea, si ndiyo? Cheti cha muuzaji kinatosha, pingili tatu si mnyororo mzima," pingili tatu si mnyororo mzima, hebu msikie, "na ule wa zamani umepigwa marufuku na wakaguzi, tusipopata mwingine kreni inasimama, tanuri linasimama, watu wanarudi nyumbani bila kazi, unataka hivyo? Unataka mimi niwaambie kuwa ni wewe?" na hapo ndipo alipomgusa juzi, akamweza, kwa sababu ni kweli, wiki sita hadi mnyororo wa muuzaji wa zamani ufike, wiki sita tanuri baridi, na alikwenda nyumbani nalo, hilo ni wewe, akalilalia, lakini asubuhi alimpigia Ba Nkumbula wa mgodi wa Mufulira, yule ambaye mwaka wa mafuriko Nsofwa alimpa boliti mia mbili bila hata karatasi, akasema, "Dada, mnyororo wa akiba ninao, una muhuri wa mkaguzi wa mwezi uliopita, niletee barua tu na lori, mtumie hadi wenu ufike," Nsofwa akamwambia Sichone, na Sichone akasema kampuni kama hii haiendi kuazima vyombo kama jirani aliyeishiwa chumvi, na mfumo hauna mahali pa kuingiza kitu cha kuazima... basi! Upo mnyororo, lipo lori, ipo barua, anachokosa ni mtu wa kusema, na yeye amekaa hapa anatafuta kisanduku cha tatu kwenye kioo kana kwamba ruhusa ya kukataa ni kitu cha kuchorewa na fundi wa kompyuta, miaka yote hiyo alifikiri kazi yake ni kununua, ananunua vizuri, ananunua haraka, wakati yeyote mwenye pesa anaweza kununua, mtoto anaweza, mashine inaweza, Ba Simfukwe na pua yake yote alijua kunusa lakini hakujua sehemu inayofuata baada ya kunusa, au aliijua akaishusha ngazini, asamehewe mzee, na mimi unisamehe, mzee, hapana usinisamehe, acha tu nisikie uchungu wake, unanifaa leo...

wataniondoa, ndiyo, labda kabla ya mwisho wa mwezi, watanipa barua yenye shukrani, lakini barua ya kujiuzulu hawaipati, waiandike wenyewe na sababu waiandike wenyewe, waandike kwamba aliukataa mnyororo uliokatika kwenye tani tano, waone kama kalamu itakubali, na binti atamaliza chuo, kuna dada Ndola, kuna nyanya za kuuza, kuna mikono... na anainua uso, meza nzima inamtazama, mhasibu ana simu tayari ya kupiga picha, Ba Kaunga bado yuko kwenye kucha zake, kioo kimeanza kufifia kwa kusubiri, na cha ajabu ni jinsi hakuna kilichobadilika, feni ya dari inazunguka ile ile, vitumbua vile vile, hata dakika tano hazijapita tangu walipomsukumia kidude hiki, lakini moyo umetulia kabisa, kama mashine iliyozimwa ukasikia kumbe kulikuwa na kelele.

"Tunakusubiri, Mama Nsofwa," anasema Sichone.

"Sinunui."

Hajainua sauti. Sichone anatabasamu, anadhani hakusikia vizuri, anainama karibu zaidi. "Samahani, mama?"

"Sinunui, bosi. Oda hii siinunui, leo wala kesho, na akija mwingine kukaa kwenye kiti hiki nitamwambia kilichotokea kule chuoni kabla hajakaa. Umesema wataambiwa kuwa ni mimi. Vizuri. Zamu ya mchana inaingia saa nane, nitashuka mwenyewe, nitasimama chini ya ile kreni niwaambie wote thelathini na mmoja kwamba ni mimi, na kwa nini."

Mhasibu anaishusha simu. Na pale kiti cha tatu kutoka mlangoni, Ba Kaunga anaziacha kucha zake, anasema, "Tutashuka wawili."